Kitabu Kigumu Siyo Ujinga Wako

Mimi nafundisha Kiswahili kwa kujitolea hapa kambini. Mara nyingi mwanafunzi anarudisha kitabu akisema, "Mwalimu, Kiswahili changu cha Kongo hakitoshi." Siyo hivyo jamani!

Mwangalieni Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Ukerewe, Tanzania. Katika Rosa Mistika (1971) anasimulia wazi, kama mtu mmekaa naye motoni jioni. Baba mlevi unamjua, binti unamjua, unawahurumia. Halafu mwaka 1990 akatoa Nagona. Humo msimulizi anasafiri kama mtu anayeota, na matukio hayafuatani. Kitabu ni chembamba, lakini hata wasomi wamebishana juu ya maana yake. Mimi Rosa nilimmaliza kwa siku mbili. Nagona ilinichosha, ila kuna kurasa napenda kuzirudia.

Mwandishi ni yuleyule, Kiswahili ni kilekile, kilichobadilika ni mtindo.

Basi mtoto akikwama, msimwambie hana akili. Asome kwa sauti, nyumba nzima msikilize, muulizane. Akishindwa bado, aanze na chepesi. Kile kigumu hakikimbii, kitamsubiri.