Ndoo Ibaki Mlangoni

Makanisa ya nchi yetu yalipofunguliwa tena Agosti 2020, baada ya miezi ya kufungwa kwa sababu ya Korona, katika parokia yetu hakuna aliyeingia misani bila kupitia ndoo yenye robine na kipande cha sabuni. Ndoo ile sasa imepasuka. Katika kikao cha mwezi uliopita, ndugu mmoja alipendekeza tusinunue nyingine: kila kundi lipewe chupa ya jeli ya mikono isiyo na alkoholi, na jambo liishe.

Pendekezo hilo si la kuchekwa. Jeli ya namna hiyo haishiki moto kama ile ya alkoholi, nasi twapika bukari kwa makala, watoto wakizunguka mbabula. Haichomi sana ngozi iliyopasuka, wala haimjaribu anayepigana na kileo. Dawa iliyomo mara nyingi ni benzalkoniamu, ambayo mwanasayansi Mjerumani Gerhard Domagk aliieleza mwaka 1935. Huharibu utando wa vijidudu.

Lakini ina mipaka. Virusi visivyo na utando wa mafuta, vikiwemo baadhi ya vile viletavyo kuhara, huweza kuistahimili. Ndiyo maana wataalamu hutanguliza maji na sabuni, na yakikosekana, jeli yenye alkoholi isiyopungua asilimia 60. Hata hiyo hushindwa na uchafu unaoonekana. Na mikono ya Lubumbashi nani asiyeijua? Vumbi jekundu la kiangazi, masizi ya makala, grisi ya pikipiki. Wengine wetu hutoka moja kwa moja machimboni. Jeli juu ya hayo yote hugeuka tope. Sabuni huachanisha uchafu na vijidudu kutoka kwenye ngozi, maji yakavichukua.

Si kwamba alkoholi ni ya lazima. Mwaka 1847, mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka wenzake wanawe kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kuwagusa wazazi. Mwezi Aprili walikuwa wakifa akina mama wapatao 18 kwa kila 100. Kufikia Juni, wapatao 2. Kwetu pia, wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, ndoo za maji ya klorini zilisimama milangoni. Kipimo cha mikono ni asilimia 0.05, na javeli haipimwi kwa macho: ikizidi, huunguza.

Najua mtakaloniuliza: maji yatoke wapi, bomba zikikauka? Ni swali la haki. Hata hivyo, watoto wa katekisimu hula mikate yao palepale uani, na majira ya mvua, ambayo kipindupindu huyapenda, yanakaribia. Nimeomba kila kundi lilete bidoni moja kwa zamu kila Dominika, na chupa za jeli wapewe wanaotembelea wagonjwa, kwa njiani. Zamu ya kwanza ni yetu. Robine bado tunaitafuta.