Povu Nililolifumbia Macho

Ripoti ile ina jina langu, na ndani yake mna kosa nililolijua kabla sijaitia sahihi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuufanya udongo wa bentoniti ukubaliane na mafuta. Wachorongaji wanapopita kwenye miamba inayovimba ikinywa maji, hutumia tope la mafuta, nalo huhitaji kitu cha kulipa mnato ili baraiti, ule unga wa kuongeza uzito, isizame. Bentoniti ya kawaida haifai: inapenda maji, na kwenye dizeli hutuama tu. Ndiyo maana tangu miaka ya 1940 wakemia huziondoa ioni za sodiamu zilizo kati ya matabaka yake, wakaweka safaktanti ya amoniamu yenye mikia mirefu ya kaboni. Matabaka hutanuka, udongo ukayapokea mafuta.

Kila udongo una kiasi chake cha ioni unachoweza kubadilisha. Hupimwa kwa bluu ya methilini, na si kazi kubwa. Sikupima. Nilichukua kitabuni namba ya bentoniti ya Wyoming, nikaitumia kwa gunia lililotoka machimbo mengine, kisha nikaongeza safaktanti juu yake nikiamini kwamba kadiri inavyozidi ndivyo tope litakavyokuwa imara.

Nilipoosha, maji yalitoka na povu. Nikaosha tena, povu likabaki. Maana yake niliijua: safaktanti iliyozidi haikuwa imeshika popote. Tone la nitrati ya fedha lingeonyesha wingu jeupe la kloridi, sikulidondosha. Nilikausha, nikasaga, nikapima mnato katika joto la chumba tu. Namba zilipendeza, nikaziandika.

Mwanafunzi aliyenifuata aliujenga utafiti wake juu ya namba hizo. Yeye alifanya nilichokwepa: alilizungusha tope ndani ya tanuri kwa saa 16, kwenye nyuzi 150 za selsiasi. Mnato ukaporomoka, baraiti ikalala chini ya chombo. Akarudia mara nyingi, akidhani mkono wake ndio mbovu, nami nikamtazama muhula mzima nimenyamaza. Hilo linaniuma kuliko ripoti yenyewe.

Nimemweleza yote na kumwomba radhi, na wasimamizi nimewaandikia. Wewe uliye na nakala, tafadhali usitumie majedwali yake ya mnato. Pima udongo wako mwenyewe, uuoshe hadi nitrati ya fedha isitie ukungu, na usiandike namba yoyote kabla tope halijapita tanurini.