Kumsifu Mtu kwa Kiingereza: Funzo Lililotugharimu



Katika sanduku la mama yetu, pamoja na hati za nyumba na picha za Unguja, imo ripoti ya skuli ya mwaka 1983. Ni ripoti ya dada yetu mdogo, wakati huo akiwa darasa la tatu katika skuli moja ya binafsi hapa Maskati. Alama zake ni nzuri. Chini kabisa mwalimu wake, bibi mmoja mgeni, aliongeza kwa mkono wake sentensi moja: "You must be very proud of her." Ni maneno saba tu, lakini yaliitia nyumba yetu huzuni ya miezi kadhaa.

Mama hakusoma Kiingereza. Alisoma chuoni, akahitimu Kurani, na ushoni akaujua vizuri. Kwa hiyo alimpa ripoti kaka yetu mkubwa, naye alikuwa na miaka kumi na miwili, amsomee. Kaka hakulijua neno "proud". Akafungua kamusi, akakuta mbele yake "kiburi", akaifunga kamusi, akasema: "Mama, mwalimu asema wewe bila ya shaka una kiburi sana kwa sababu ya mtoto."

Mama hakujibu kitu. Kwetu sisi Waislamu kiburi si ila ndogo. Ndicho kilichomtoa Ibilisi katika rehema. Usiku tulimsikia akimwuliza Baba: je, ilikuwa ile siku aliyokwenda skuli na bangili zake? Au siku aliyopita upesi bila ya kumwamkia mwalimu, kwa kuwa teksi ilikuwa ikimngoja? Tangu siku hiyo hakukanyaga tena pale skuli. Siku ya wazee alikwenda Baba. Ikaja Sikukuu, na ile sahani ya halwa aliyokuwa akimpelekea mwalimu yule haikupelekwa.

Ijumaa moja katika likizo ya kiangazi, Ami yetu alikuja kula chakula cha mchana. Ami alikuwa karani Unguja kabla ya mwaka 1964, kisha akafanya kazi katika benki moja hapa Ruwi. Aliiona ripoti, akaisoma, akatabasamu. Tulipomweleza yaliyopita, alimwita Mama akamwambia: "Shemegi, hukutukanwa hapa. Umepongezwa." Akatufahamisha kwamba neno lile likisimama peke yake juu ya mtu, mara nyingi huwa lawama, yaani mtu huyo anajiona. Lakini likifuatwa na "of", kisha akatajwa mtoto au kazi njema, maana yake ni kuona fahari. Mwalimu alikuwa akimwambia Mama kwamba mtoto wake ni wa kujivunia.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza mwalimu yuko wapi. Skuli ilikwisha fungwa, na mwalimu alikwisha rejea kwao moja kwa moja. Hatukupata wa kutupa anwani yake. Halwa ile haikupelekwa mpaka leo.

Tumeisimulia habari hii kwa sababu twaamini kuwa si ya nyumba yetu peke yetu. Wengi wetu tulifika Oman baada ya tarehe 23 Julai 1970, alipotawala Sultan Qaboos, Mungu amrehemu, naye akawaita Waomani waliotawanyika nje warudi kuijenga nchi. Tulitoka Unguja, Pemba, Mombasa na kwengineko tukiwa na Kiswahili ndimini, Kiarabu cha kusitasita, na baadhi yetu Kiingereza cha skuli za zama za Waingereza. Kiingereza hicho kiliwafungulia wengi milango ya maofisi, mabenki, mahospitali na kazi za mafuta. Watoto wetu wanakutana nacho mapema zaidi. Tangu mwaka wa masomo wa 1998/1999, skuli za serikali zilipoanza kuingizwa katika mpango wa Elimu ya Msingi, husomeshwa kuanzia darasa la kwanza; kabla ya hapo kilianzia darasa la nne.

Basi maneno watoto wetu wanayo tele. Wasichofundishwa vya kutosha ni kwamba maneno, kama watu, yana wenziwe. Yapo yaliyozoeana tangu zamani, na ukiyatenganisha au ukayaozesha mengine, maana hupotea au hugeuka. Na hakuna pahala panapoumiza zaidi kwa kosa hili kuliko pale tunapozitaja tabia za watu.

Baada ya mkasa wa ripoti, Ami alitununulia daftari, akatuamrisha tusiandike humo neno moja moja, bali neno pamoja na mwenziwe. Daftari lile tunalo bado. Ukurasa wa kwanza unahusu ahadi na siri. Sisi twasema kuweka siri, na Waingereza nao wasema vivyo hivyo, "keep a secret". Kwa hiyo kaka yetu alidhani kwamba "keep a promise" ni kuweka ahadi. Sivyo. Kwetu, mwenye kuweka ahadi ndiyo kwanza ameahidi, wala hatujui kama atakuja. Kwao, mwenye ku-"keep" ahadi amekwisha itimiza. Tofauti ya watu wawili hao ni kubwa.

Ukurasa wa pili ni wa mikono. Karimu kwetu ana mkono wazi, na Waingereza humwita "open-handed", hapo tumekutana. Lakini bahili kwetu ana mkono wa birika, na kwao amefumba ngumi, "tight-fisted". Mwizi kwetu ana mkono mrefu. Kwao mkono mrefu ni wa sheria, ule unaomfuata mwizi popote alipo; mwizi mwenyewe ana vidole vyepesi, "light-fingered". Tulicheka sana siku ile, na mpaka leo hatujasahau.

Kisha ukaja ukurasa ambao Ami aliupigia mstari mwekundu. Mtoto asiyekubali kushindwa anaweza kuitwa "stubborn", yaani mkaidi. Anaweza pia kuitwa "strong-willed", mwenye azma yake, au "determined", mwenye kukusudia jambo akalishika. Mtoto ni yule yule na kitendo ni kile kile, bali hukumu ni tatu. Ami alisema kuwa mwenye kuchagua neno amekwisha kuwa kadhi, na kadhi hataki haraka.

Maneno hayo tuliyakumbuka tulipokua. Mmoja wetu aliombwa barua ya kumsifia kijana aliyekuwa akitafuta kazi. Alitaka kusema kwamba kijana ni mnyenyekevu, hana makuu, akaandika "a simple man". Kabla ya kuipeleka alimwonyesha Ami, na Ami akaikata kwa kalamu. Kwa Kiingereza, mtu aliyeitwa hivyo aweza kufahamika kuwa hana akili nyingi. Akaandika badala yake "a modest man". Kijana alipata kazi. Hatusemi kwamba ni kwa neno lile, lakini twajua kwamba lile la kwanza lisingalimsaidia.

Sasa sisi ndio wazee, na watoto wetu wanatushinda kwa Kiingereza. Linalotutia wasiwasi ni upande wa pili wa daftari. Juzi mmoja wa wajukuu alimsikia Mama akimsema mtu kuwa ni mkavu wa macho, akauliza kama mtu huyo anahitaji dawa ya macho. Hakujua kwamba ni mtu asiyeona haya. Mwenye kuipoteza lugha ya kuwapimia watu wa kwao, atawapima kwa kipimo cha kuazima.

Kwa hiyo twawanasihi wazee wenzetu: mpeni kila mtoto daftari. Kila anapojifunza Kiingereza cha kumsifu au kumlaumu mtu, aandike maneno yote yanayofuatana, kisha amwulize bibi yake sisi twasemaje, ayaandike kando. Na likija neno baya juu yenu katika barua ya mgeni, msilibebe moyoni kabla ya kumwuliza anayejua, wala msichelewe kuuliza. Sisi tulichelewa.