Springi, Shokomzoba na Njia ya Iringa

Motokaa ni chombo kizito kinachosimama juu ya mahali panne padogo. Kila tairi hugusa ardhi kwa eneo lisilopita sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Katika viganja hivyo vinne hupita kila amri ya dereva: amri ya kuongeza mwendo, ya kukata kona na ya kufunga breki. Injini iwe na nguvu kadiri gani, na breki ziwe na thamani kadiri gani, tairi likiachana na ardhi amri hiyo haina wa kuipokea. Basi atakaye kuiboresha motokaa yake huanza vema akijiuliza swali moja: kitu hiki nitakachokitia kitalifanya gurudumu liishike ardhi, au kitalifanya liiache? Kwa miezi kadhaa swali hili lilikaa nyumbani kwangu kama mgeni asiyeaga. Jibu lake lilihusu fedha za mshahara, fahari ya mdogo wangu, na mifupa ya mama yetu.

Motokaa yenyewe ni Subaru Impreza WRX STI iliyoundwa Japani mwaka 2005. Ina milango minne kama motokaa yoyote ya jamaa, lakini injini yake ya lita 2 husukumiwa hewa kwa nguvu na kutoa nguvu za farasi 280, na magurudumu yote manne huvuta. Ukoo wa WRX ulianza mwaka 1992, na jina la STI likaongezwa mwaka 1994. Mwaka 2022 kampuni ilitangaza kuwa haitaunda STI ya injini ya petroli juu ya WRX mpya; kwa hiyo zilizopo ndizo zilizopo, na mwenye nayo hana budi kuitunza. Afrika Mashariki ina sababu yake ya kuipenda. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalishindwa na Impreza mwaka 1997 mikononi mwa Colin McRae, na mwaka 2000 mikononi mwa Richard Burns.

Mimi siyo mshindani. Motokaa hii hunipeleka kazini Dar es Salaam, na mara tatu kwa mwaka hunipeleka Iringa, mwendo wa kiasi cha kilomita 500, kumchukua mama aje kuonwa na daktari wake wa nyonga, kisha kumrudisha. Mama ana umri wa miaka 76. Njia hiyo ni mtihani wa kila kiungo cha motokaa. Mikumi ina matuta, na pamoja nayo vile vijituta vya mfululizo ambavyo madereva wetu wameviita rasta. Baada ya Ruaha Mbuyuni huja mlima Kitonga, wenye kona juu ya kona, malori yakipanda kwa kuugua na mengine yakishuka kwa pupa. Mahali pengi ukingo wa lami umelika, na anayetoka njiani hushuka kama aliyekosa ngazi.

Shokomzoba zangu, ambazo mafundi huziita shokapu, zilikuwa zimekwisha. Mbili zilivuja mafuta. Nikifunga breki, pua ya motokaa iliinama kama inayosujudu. Nikipita tuta, bodi ilipanda na kushuka mara tatu kabla ya kutulia. Na matairi yalikuwa yameliwa kwa mabaka. Yafaa msomaji akumbuke kazi ya vyombo hivi viwili, maana watu wengi huvichanganya. Springi hubeba uzito na kuweka akiba nguvu ya pigo la barabara. Shokomzoba haibebi uzito: huipokea nguvu ile wakati springi inaporudi, ikayalazimisha mafuta kupita katika vitundu vyembamba, na nguvu ikageuka kuwa joto na kupotea. Springi bila shokomzoba hurukaruka bila kikomo, na gurudumu linaloruka haliko ardhini.

Kubadilisha ilikuwa lazima. Kubadilisha kwa kitu gani ndiko kulikoleta mabishano, na rai zilikuwa tatu.

Rai ya kwanza ilikuwa ya mdogo wangu. Yeye alitaka springi fupi, mfano wa zile za Eibach, ziishushe motokaa kwa sentimita mbili au tatu. Hii ndiyo njia ya bei nafuu, nayo huipa motokaa umbo la chui aliyejikunyata. Tena ina hoja ya kweli: uzito ukishuka karibu na ardhi, motokaa hupungua kuyumba. Lakini hoja hiyo ina mpaka. Kwa mbele na nyuma Impreza hii hutumia mguu wa namna ya MacPherson, uliochukua jina la mhandisi Earle MacPherson na ulioonekana katika Ford Consul na Zephyr za Uingereza za mwaka 1950. Katika mpango huo, bodi ikishushwa sana, mkono wa chini wa gurudumu hulala vibaya, ncha yake ya nje ikawa juu kuliko ya ndani. Hapo kitovu ambacho bodi hukizunguka inapoinama hushuka kwa kasi kuliko kitovu cha uzito. Umbali kati ya vitovu hivyo viwili huongezeka, nao ndio wenzo unaoiinamisha bodi. Kwa hiyo motokaa iliyoshushwa kupita kiasi hutaka kuinama zaidi, na mwenyewe hulazimika kutia springi ngumu zaidi kuyatibu maradhi aliyoyanunua. Zaidi ya hayo, nafasi ya gurudumu kupanda hupungua, na springi ngumu juu ya shokomzoba zilizochoka ni farasi mkali kwa hatamu iliyokatika.

Rai ya pili ilitoka kwa mwenzangu afundishaye uhandisi. Yeye alishauri koilova, yaani springi na shokomzoba zilizofungwa pamoja ambazo kimo chake hurekebishwa kwa kuzungusha kikombe chenye hesi. Humo mna madaraja. Tein Flex Z ya Japani ni ya bomba ndani ya bomba, ina hatua 16 za kukaza na kulegeza, na kimo chake hubadilishwa bila kupunguza nafasi ya springi. KW Variant 3 ya Ujerumani humruhusu mtu kurekebisha mbali mwendo wa kushuka na mbali mwendo wa kurudi, na mwili wake ni wa chuma kisichoshika kutu, jambo lisilo dogo kwa wakaao pwani. Öhlins Road & Track ya Uswidi ina kitufe kimoja tu, lakini ndani yake mna vali ya kufunguka upesi gurudumu linapopigwa ghafula, katika kushuka na katika kurudi, ili tairi liifuate ardhi badala ya kulirusha pigo bodini. Kwa sifa za kazi, hii ya mwisho ndiyo iliyonivuta zaidi. Kwa bei, hupita mshahara wangu wa mwezi, nao mshahara huo una wenyewe wengi.

Nilipanda motokaa ya rafiki iliyotiwa koilova za bei ya kati na kukazwa karibu na mwisho. Juu ya lami laini ilikuwa starehe ya akili: usukani ukiamuru, bodi hutii papo hapo. Siku ya pili nikamwomba rafiki atuchukue mimi na mama hadi Bagamoyo. Mama alikaa kimya mwendo mrefu, akishika mlango kwa mkono mmoja. Kisha akasema, "Mwanangu, motokaa hii inanihesabia mawe." Hakulalamika zaidi ya hapo, wala hapakuhitajika zaidi.

Maneno ya mama yana elimu ndani yake. Mtu atembeapo, mwili wake hupanda na kushuka mara moja hadi mbili kwa sekunde, na mwili umezoea mwendo huo tangu utoto. Motokaa ya starehe hutikisika mara moja na kitu kwa sekunde; iliyokazwa kwa mashindano hufika mara mbili na kuzidi. Kuna habari nyingine pia. Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce kwenda Cadillac huko Marekani, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba springi za nyuma zafaa zitikisike kwa haraka kidogo kuliko za mbele. Sababu ni kwamba gurudumu la nyuma hulikuta tuta baada ya la mbele. Likiwa na haraka zaidi hulifikia la mbele, na bodi nzima hutulia pamoja badala ya kupiga mbizi kama mtumbwi. Anayechanganya springi bila hesabu huiharibu nasaba hiyo, na ataona ajabu motokaa ya thamani ikimtapisha abiria.

Rai ya tatu ilikuwa ya fundi, mzee wa karakana asiyependa maneno mengi. "Mwalimu," aliniambia, "gari hili halitaki kushushwa. Linataka kushikwa." Alishauri springi za asili zibaki, maana zilikuwa nzima. Zitiwe shokomzoba mpya za bomba moja, zenye gesi ya mgandamizo mkubwa, ambazo mafuta yake hayafanyi povu kwa urahisi yakipata joto na ambazo hutoa joto hilo moja kwa moja kwenye ukuta wa nje. Bushi za mpira zilizopasuka zibadilishwe, na fimbo ya nyuma ya kuzuia kuinama iwe nene kidogo. Shauri lake linapatana na mpango wa watengenezaji wenyewe: Bilstein hutoa shokomzoba za B6 kwa springi za kimo cha asili, na B8, zenye mwili mfupi, kwa springi zilizofupishwa. Kila springi ina mwenzi wake, na ndoa isiyolingana huvunjika barabarani.

Nilifuata rai ya tatu. Sikuidharau ya pili. Mtu mwenye barabara laini, kiwanja cha mbio na fedha za kutosha atapata katika koilova njema kitu ambacho sina. Motokaa yangu huinama katika kona zaidi ya ile ya rafiki yangu, na katika lami iliyonyooka kama kioo ingeachwa nyuma. Lakini motokaa za Safari zenyewe hazikushinda kwa kulala chini. Ziliinuliwa, zikapewa nafasi ndefu ya gurudumu kupanda na kushuka, kwa kuwa waliozitengeneza walijua ni ardhi ya namna gani inayozingoja.

Katika safari ya kwanza baada ya kazi ile, lori lilitujia Kitonga likiwa limekula upande wetu. Nilifunga breki na kusogea kushoto. Magurudumu mawili yakashuka nje ya lami na kurudi. Bodi ilizama mara moja, ikainuka mara moja, ikatulia, na usukani haukuniponyoka. Mama alifumbua macho akauliza kama tumekwisha fika Ilula, maana alitaka vitunguu.

Mdogo wangu hakuridhika hata leo. Kila ajapo huinama kando ya gurudumu la mbele, akatia vidole vitatu katika nafasi iliyo kati ya tairi na bodi, akatikisa kichwa kwa huzuni. Nami namwachia vidole vyake. Nafasi ile ndiyo niliyoilipia.