Bunduki ya Kwanza

Ijumaa jioni hapa Discovery Gardens tulikuwa na mjadala mmoja tu. Mwenzetu anastaafu, anarudi Tanzania, na anataka kukata kibali awinde nyati. Anunue bunduki gani?

Yeye aliitaka .458 Winchester Magnum, iliyotoka Marekani mwaka 1956. Risasi yake ina gramu 32 hivi. Sisi tuliosomea uhandisi Uingereza tulimkumbusha kwamba msukumo wa mbele hurudi begani. Mwenye kuliogopa teke la bunduki hufumba macho kabla ya kufyatua. Walter Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliangusha tembo wengi kwa risasi ya milimita 7, maana alijua pa kuipiga. Lakini sisi si Bell. Tukamshauri achukue ya kati, .375 Holland & Holland ya mwaka 1912, yenye risasi ya gramu 19 hivi. Inamtosha nyati, na bega la mtu wa kawaida hulizoea teke lake.

Haya tumeyajua kwa gharama. Mjomba wetu aliazima bunduki kubwa asiyowahi kuijaribu, akamjeruhi nyati, naye akaingia kichakani. Mfuata nyayo aliyetangulia kumtafuta hakurudi hai. Mjomba hakushika bunduki tena.

Mwenzetu alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Uwanja wa shabaha wa karibu uko wapi?" Hapo tukaagiza chai.