Midomo Myekundu na Kikombe cha Bwana

Sisi wachungaji wa kike tuliosoma pamoja chuo cha theolojia tulifundishwa Kiyunani, Kiebrania na namna ya kuhubiri. Tulijifunza pia jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba: kuficha midomo yetu. Tangu mwaka 1990 Kanisa letu lilikuwa limekubali wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, lakini darasani bado tulikuwa wachache, na kila tulichovaa kilitazamwa. Siku moja mwenzetu alihubiri katika ibada ya mazoezi akiwa amepaka rangi nyekundu iliyokolea. Alihubiri vizuri habari za mwana mpotevu. Ulipofika wakati wa maoni, muda wote uliishia midomoni mwake. Hakuna aliyeuliza juu ya yule baba aliyekimbia kumlaki mwanawe. Nasi hatukumtetea. Jioni ile tulizifungia lipstiki zetu sandukuni.

Miaka ikapita, tukabarikiwa, na wawili kati yetu tukapangiwa usharika mmoja. Jumapili moja binti wa kwaya ya vijana alikuja na rangi ileile. Tulimwita kando ya mlango wa sakristia, lakini si kando ya kutosha, maana wenzake walisikia. Tukampa tishu, tukamtajia Yezebeli. Akafuta midomo, akaimba, akaenda zake. Jumapili iliyofuata hakuonekana, wala iliyofuata hiyo. Mwezi wa tatu tukaacha kuuliza.

Kisha mzee wa kanisa akatuletea habari: mama wa binti yule anaugua saratani, anaomba Chakula cha Bwana nyumbani. Tukaenda. Mama alikuwa amekaa kitandani, kichwa amefunga kitambaa kwa kuwa nywele zilikwisha kutoka kwa sababu ya dawa. Tulipoanza kutandika kitambaa cheupe mezani, alisema, "Wachungaji, nisubirini kidogo." Akamwita binti yake. "Mwanangu, nipake ile rangi yako."

Binti akatutazama. Hakusema neno, ila tulielewa anachouliza. Mama naye akaona kimya chetu, akacheka kidogo. "Naenda mezani kwa Bwana," alisema, "siendi kuzikwa."

Binti akampaka taratibu, mkono ukimtetemeka. Uso ule uliokuwa umepauka ukawa tena uso wa mama tuliyemfahamu, yule wa sauti ya juu katika mikutano ya akina mama. Alipokea mkate, akanywa. Ukingoni mwa kikombe ikabaki alama nyekundu. Tuliifuta kwa kitambaa cheupe, na doa lile halijatoka hadi leo.

Usiku ule tulifungua Biblia kwa aibu. Katika 2 Wafalme 9:30 Yezebeli alitia rangi machoni na kupamba kichwa chake, midomo haikutajwa. Tena hukumu yake ilitamkwa zamani kabla ya siku hiyo, kwa ajili ya damu ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Tukasoma pia mwisho wa kitabu cha Ayubu. Mungu alipomrudishia baraka, binti yake wa tatu aliitwa Keren-hapuki, jina la Kiebrania lenye maana ya pembe ya kuwekea wanja. Jina hilo tulilifasiri chuoni, tukafaulu mtihani, wala halikutugusa.

Maonyo ya 1 Timotheo 2 na 1 Petro 3 yapo, nasi hatuyafuti. Lakini yanataja kusuka nywele, dhahabu na mavazi. Sisi tulisimama mbele ya binti yule tukiwa tumesuka nywele na pete za dhahabu vidoleni, na hakuna aliyetupa tishu. Mitume wanatuonya tusitegemee pambo la nje na kuuacha moyo mtupu. Siku ile mlangoni, mioyo iliyokuwa mitupu ilikuwa yetu.

Tulimwomba binti msamaha mbele ya kwaya, kwa kuwa tulimwaibisha mbele ya kwaya. Alirudi, lakini Jumapili ya kwanza alikuja midomo mikavu, akakaa nyuma. Hilo lilituuma kuliko kutokuja kwake. Mwenzake mmoja wa kwaya aliona, akahama kiti, akaenda kukaa naye.

Ilipofika Pentekoste, madhabahu ilivaa nguo nyekundu, na shali zetu zilikuwa nyekundu. Asubuhi hiyo tulifungua masanduku, tukapaka. Tulipanda madhabahuni magoti yakilegea, kama wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa, mtu wa maneno machache, alitushika mkono mlangoni. Tukajiandaa kusikia lolote.

"Wachungaji," akasema, "leo mmeendana na madhabahu."

Nyuma yake kwaya ilikuwa inatoka. Binti yule alikuwa katikati yao, naye amepaka.