Msiba Usio na Turubai

Mwanza inajua kuwalilia waliochukuliwa na maji. Igoma kuna makaburi ya waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996. Kisiwani Ukara wamezikwa baadhi ya waliokufa kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka, Septemba 20, 2018. Waliofiwa wanajua pa kwenda, siku ya kwenda, na wakifika mambo ya kufanya wanayajua.

Msiba wa Mabatini, bondeni humo humo jijini, hauna hata kimoja kati ya hivyo. Mto Mirongo ukifurika usiku na kuingia vyumbani, mara nyingi watu wanapona. Vinavyokwenda ni godoro, unga, cherehani, madaftari ya watoto, vyeti, na picha ya marehemu baba ambayo ilikuwa moja tu. Asubuhi jirani anabisha hodi kujulia hali, na jibu liko tayari mdomoni: tunamshukuru Mungu, tumetoka salama. Jibu ni la kweli kabisa, na ndilo linalofunga kilio. Nani atalilia picha mbele ya watu waliowahi kuzika watoto?

Mirongo ni mto mfupi, usingestahili kuogopwa. Lakini unapokea maji ya vilima vya mawe vilivyouzunguka mji, na jiwe halinywi maji. Nyumba nazo zimepanda huko juu hadi miguuni mwa majabali, kila bati likimwaga maji yake kwenye vijia vilevile vya kushukia. Taka zinashuka pamoja nayo na kuziba mitaro huku chini. Ndiyo maana anayeishi bondeni anaweza kufurikiwa na mvua ambayo kwake ilikuwa manyunyu tu.

Ziwa Victoria lina tabia tofauti. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita mbili, na Mei 2020 likavuka hata kimo kile. Linapanda kidogo kidogo; wa mwaloni anapata muda wa kuhamisha vitu vyake, ila akishahama atangoja sana, kwa sababu ziwa zima lina mto mmoja tu wa kutolea maji, kule Jinja, Uganda. Mirongo huondoka siku hiyohiyo. Kwa hiyo anayefurikiwa na mto anatakiwa awe amepona kesho yake.

Na kweli anaonekana amepona. Tope linakombwa kwa koleo na sufuria kuukuu, wanawake wakitangulia. Harufu inatangaza kwamba vyoo vya shimo navyo vimefurika, basi maji ya kunywa yanachemshwa na watoto wanakatazwa kucheza nje, agizo ambalo hakuna mtoto anayelifuata. Nguo zinaanikwa juu ya mawe. Godoro la sponji linaegeshwa ukutani, ingawa kila mtu anajua kwamba likishanywa maji yale halina kazi tena. Waliokosa pa kulala wanapokelewa na ndugu waliopanga juu mlimani, wanane chumba kimoja, na hakuna anayeuliza watakaa hadi lini.

Hapo ndipo ningetamani pawe na turubai. Mtu akifa, watu wanajua la kufanya bila kufundishwa: viti vinakuja, wali unapikwa, daftari la rambirambi linafunguliwa na kila jina linaandikwa na kiasi chake. Vikundi vingi vya kikoba vina mfuko wa jamii kwa ajili ya kifo na ugonjwa. Cherehani iliyojaa mchanga inaingia fungu gani? Mwenyewe anaona haya kuuliza. Anakopa upya, na rejesho la kwanza linalipia kitu ambacho alikwisha kukilipia.

Tunausifu ustahimilivu huu kupita kiasi. Sehemu yake ni mapenzi ya majirani, na hiyo inastahili sifa zote. Lakini sehemu nyingine ni mazoea tu: kitanda kimepandishwa juu ya matofali, vyeti vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni na kuchomekwa darini, kizingiti kimeongezwa tofali moja. Tofali hilo nalo halikaushi mto. Maji yaliyokuwa yaingie kwa mwenye kizingiti kirefu yanakwenda kwa asiyeweza kununua saruji.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa mto, na kila masika wito wa kuhama mabondeni unarudi. Dar es Salaam, baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za Jangwani zilipewa viwanja Mabwepande, lakini wapo waliorudi. Waliitwa wakaidi. Mimi naona walikwenda kukaa karibu na riziki yao, kama anavyofanya wa Mabatini anayetembea kwa miguu hadi mjini kuuza ndizi au kupiga zege.

Tena wengi wa hawa wa Mabatini ni wapangaji. Kizingiti si chao, choo si chao, na kuamua nyumba ibomolewe au ijengwe upya si kazi yao. Chao ni kile kilichokuwa ndani, ambacho ndicho kimekwenda. Mwenye nyumba akija kukagua ukuta uliopasuka, atakumbusha pia kwamba mwezi unakaribia kuisha, na kodi iko palepale.